Zebaki Haibaki

Friza yetu ilikuwa ndefu kama kitanda cha mtu mmoja, na ndani yake kulikuwa na giza kiasi kwamba dada yangu alikuwa akiuza kwa kupapasa. Anainua kifuniko, anazamisha mkono hadi begani, anashika, anatoa. Mara nyingi alitoa alichokusudia, yaani juisi ya marakuja iliyogandishwa katika vifuko, ambayo wachuuzi wa soko la Jabe, hapa Bujumbura, waliifuata nyumbani kwetu kila mchana jua lilipoanza kuwafinya. Lakini siku moja alimtolea mama mmoja muuza vitunguu kifuko cha maji ya mukeke, wale samaki wa Ruziba ambao mama yetu alikuwa amewaosha na kuwahifadhi. Yule mama aling'ata kona ya kifuko, akanyonya, akatulia akitazama mbali.

"Binti," akasema, "hii marakuja iliogelea wapi?"

Hivyo ndivyo habari ya taa ya friza ilivyoingia nyumbani kwetu.

Friza ilikuwa ya okazioni. Ilifanya kazi Ulaya mpaka ikachoka, ikaletwa huku kuanza maisha mapya, na baba akaipata Gatumba kwa familia iliyokuwa ikihamisha vyombo baada ya maji kuwaingilia ndani. Ubavuni ilikuwa bado na mstari wa matope, mahali mto ulipofika ukaamua kurudi. Upande wa ndani wa kifuniko kulikuwa na taa ndogo isiyowaka. Baba alisema friza za namna ile, ukiinua kifuniko taa inawaka yenyewe, ukifunga inazima.

"Utajuaje imezima?" dada akamuuliza. "Ukifunga, nani yuko ndani anaangalia?"

Baba alifikiri kidogo, akasema waliotengeneza hawakuwa wajinga, akatoka kwenda msikitini mapema kuliko kawaida.

Mwaka ule dada yangu alikuwa na mambo mawili makubwa: barafu na uchumba. Mchumba wake alitoka katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Oman, watu wa siku nyingi mjini, wenye duka la dhahabu lenye mlango mwembamba na kiyoyozi kikali. Sisi pia ni Waislamu wa mjini wa siku nyingi, ila sisi ni watu wa gereji na wa vifuko vya marakuja. Kijana alimwona dada siku aliyokuja kununua barafu ya sherehe ya mtu mwingine. Alirudi kesho yake kununua tena, na kesho kutwa. Mama alisema hakuna sherehe duniani inayokunywa barafu namna ile.

Dada alipoulizwa anataka mahari gani, maana kwetu ni mwanamke mwenyewe anayeitaja, hakutaja fedha. Alitaka bangili moja ya dhahabu. Wakwe wakaleta ya bibi yao aliyekwisha kufariki, nzito, ya njano iliyoiva kama ndizi siku ya mwisho kabla ya madoa. Mama aliifunga katika leso, akaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo akalitia kabatini, kabati akalifunga, na ufunguo akauweka mahali ambapo sote tulipajua.

Hapo lazima nimtaje shangazi. Ni dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyesimamia harusi zote za ukoo wetu, zikiwemo mbili ambazo hakualikwa. Shangazi alikuwa na sheria. Mojawapo ilisema mahari haivaliwi kabla ya nikaha.

"Bibi harusi akivaa mapema," alisema, "watu watasema alikuwa na njaa ya kuolewa. We uko na njaa?"

"Apana, shangazi," dada akajibu.

"Voilà. Basi kopo lifungwe."

Mchana mmoja, mama akiwa amekwenda kuhani msiba mtaa wa pili, dada alitoka chumbani akiwa na kisu cha jikoni mkononi na bangili ya mahari kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa nimekaa sebuleni na kitabu. Nilimtazama yeye, nikaitazama bangili, nikalitazama kabati.

"Usiniangalie hivo," akasema. "Mi nataka kujua kama itanisumbua nikiwa kazini. Hata viatu watu wanavijaribu."

"Na kisu?"

"Kisu ni ya taa."

Tulikiinua kifuniko tukakiegemeza ukutani. Dada alibandua plastiki ya taa kwa ncha ya kisu, akazivuta nyaya mbili, na mwishoni mwa nyaya kukatoka kibomba cha kioo kisichozidi kipande cha sigara. Ndani yake kulikuwa na tone la fedha. Ulipokiinamisha, tone lilikimbilia upande huu na kugusa ncha za nyaya. Ulipokiinua, likakimbilia upande wa pili. Baba hakukosea: kifuniko kikiinuka tone huteremka kuunganisha umeme, kikifungwa linarudi kwake kulala. Sikuwahi kuona kitu kilichofanya kazi kwa uvivu mzuri namna ile.

Dada alitaka kukisafisha. Akakibana kidogo na kisu. Kikapasuka.

Sijui ni nani angeweza kuliacha tone lile. Lilikaa katika kiganja cha dada kama kunde moja, lakini zito, zito kupita haki yake, likitetemeka kila alipopumua. Ulikuwa ukiliona dari likipita juu ya mgongo wake, na pua yako pia. Ukiligusa linakuwa matone kumi. Ukiyasogeza yanakumbukana, yanarudi kuwa moja bila kovu. Tulilipeleka huku na huku mikononi, tukalimwaga juu ya mfuniko wa sufuria, tukalikimbiza, tukacheka mpaka mteja aliyekuwa akibisha mlangoni akakata tamaa. Nilimwambia dada kwamba kama maji yangekuwa na kiburi, yangekuwa hivi. Mwishoni tulilikusanya kwa kipande cha karatasi tukalitia katika kichupa kitupu cha wanja, kwa sababu kitu kizuri hakitupwi.

Ndipo tukasikia ndala za mama nje. Dada aliivua bangili, akaifuta kwenye gauni, akaona doa lililofifia upande mmoja, akadhani ni kivuli tu. Kopo, leso, kabati, ufunguo. Mama alipoingia alitukuta tumesimama mbele ya friza wima kama askari.

"Taa inawaka?" akauliza.

"Bado," dada akasema.

Juma moja kabla ya harusi, shangazi alikuja kukagua mali. Alihesabu kanga, alinusa udi, alikataa mapazia. Kisha akaomba kopo. Mama akalifungua, akaifunua leso, na mle ndani kulikuwa na bangili ambayo nusu yake ilikuwa dhahabu na nusu yake ilikuwa nyeupe kama sufuria mpya.

Shangazi aliisugua kwa kidole, akaisugua kwa ncha ya kanga, akaisugua kwa mate. Weupe haukutoka.

"Mi sisemi ni ya uongo," akasema polepole. "Nasema tu, iko nyeupe."

Mama aliketi. Baba, ambaye alikuwa mlangoni, alisema labda ni baridi ya kopo. Shangazi alimtazama kama alivyomtazama alipokuwa mtoto.

"Dhahabu haisikii baridi, mdogo wangu. Hii ilipakwa rangi ya njano, na rangi imechoka. Watu wa duka la dhahabu! Wametuona sisi ni watu wa mafuta ya gari. Mahari ya bati haifungi ndoa. Waitwe waje, na mpaka waje, huyu mutoto asijibu simu."

Dada hakujitetea, wala hakumtetea mchumba. Alikwenda kwenye friza, akainua kifuniko, akainamisha kichwa ndani kama anayetafuta kitu. Nilimfuata. Simu yake ilikuwa juu ya kabati ikitetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena.

"Niliivaa kwa nusu saa tu," akanong'ona gizani, kati ya marakuja na samaki. "Kama ni dhahabu ya kweli, ingebadilika kwa jasho langu? We unaonaje, alinidanganya?"

"Sijui," nikasema.

"Ni nani atapanga uongo wa namna hiyo? Bangili ya bibi yake mwenyewe?" Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Na nikisema niliivaa, shangazi atasema jasho ndilo limebandua rangi. Nitakuwa na njaa, na pia nimedanganywa. Vyote pamoja."

Hapo ndipo jambo lilipokuwa: harusi ya dada yangu ilikuwa imesimama juu ya rangi ya bangili, na mimi naye tulijua nusu moja ya habari, nusu isiyosaidia.

Mama wa bwana harusi alikuja kesho yake asubuhi, bila mwanawe na bila kaka zake, katika buibui jeusi na viatu vya kutembelea. Alikuwa mjane aliyeliendesha lile duka peke yake kwa miaka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wasogeze viti. Mama alimkaribisha. Baba alimkaribisha. Shangazi alimkaribisha kwa namna ambayo mtu angejua ni bora angebaki kwake.

"Mukwe wangu," shangazi akaanza, "hatukuitii ugomvi. Tumekuita kwa macho. Angalia mwenyewe."

Mjane aliichukua bangili. Hakukasirika, hakuapa. Aliisogeza dirishani, akaigeuza, akapitisha ukucha katikati ya weupe na unjano.

"Nani ameivaa?"

"Hakuna mutu ameivaa!" shangazi akasema. "Kwetu watoto wamefundwa."

"Basi kopo limeivaa," mjane akasema. "Maana dhahabu hii imekunywa kitu. Nimezaliwa dukani, naijua. Wale wachimbaji wa Congo, kuna wanaotuletea dhahabu iko nyeupe hivi hivi, kwa vile waliikusanya na zebaki. Zebaki ikigusa dhahabu inaingia. Haipaki, inaingia. Humu ndani kumevunjika nini? Termometa ya homa?"

"Sisi hatuna termometa," mama akasema. "Tunapima homa na mukono."

Niliutazama uso wa dada. Niliona jibu likimfikia, na nyuma ya jibu nikaiona bei yake. Akinyamaza, bangili inabaki na siri yake na mjane anarudi nyumbani na tusi. Akisema, shangazi atalisimulia katika kila harusi mpaka Kiyama.

"Ni mimi," dada akasema. "Niliivaa. Nilikuwa natengeneza taa ya konjelateri." Akaionyesha friza kwa kidole.

Mjane akasema, "Kitu kilichovunjika kiko wapi?" na mimi nikaenda kukileta kile kichupa cha wanja.

Shangazi alikinyakua kabla hakijafika kwa mjane. Alikifungua, akachungulia.

"Hii? Kitu safi hivi iharibu dhahabu?" Na kabla mjane hajainua mkono, alikwisha kulimimina tone kiganjani mwake. Likaanza kukimbia. Shangazi alifuata kwa mkono mzima, huku na huku, mabega yakicheza, kama mtu anayebeba yai kwenye mashua. "Ati inaitwa nani?"

"Zebaki. Irudishe, mukwe wangu."

"Zebaki gani, na haibaki? Tazama! Haibaki popote!"

Lilipita katikati ya kiganja, likashuka kwenye kidole cha pete, na hapo likasimama. Ile pete shangazi alivishwa na marehemu mumewe, na alituambia mara nyingi kwamba haijawahi kumtoka hata siku za kufua. Weupe ulianza chini ya pete ukapanda taratibu kama maziwa yanayochemka.

Mjane aliinama kuangalia vizuri.

"Hapo imebaki," akasema.

Baba ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kukigeuza kikohozi, lakini kicheko kilikuwa kikubwa kuliko kikohozi chochote alichokuwa nacho. Mama akafuata, akijifunika kwa kanga. Hata shangazi, baada ya kuivua pete kwa nguvu na kuitazama kwa huzuni ya kweli, alitoa sauti fulani puani.

Mama, aliyependa mambo yaishe, akasema atawasha imbabura, tuziweke pete na bangili juu ya makaa, weupe uondoke. Hapo sauti ya mjane ilipanda kwa mara ya kwanza.

"Apana! Kwenye makaa, zebaki itakuwa moshi, na moshi mutauvuta ninyi. Iko mafundi walianza kutetemeka mikono kwa ujinga huo huo. Hata hivi baridi inatoa hewa yake. Fungueni madirisha. Mafundi wetu wana mahali pake, na bomba lake la juu. Nitazipeleka mwenyewe."

Akazitia zote mbili katika chupa ya jemu, na kichupa cha wanja chenye mabaki ya tone, akaifunga kwa nguvu. Sisi wawili na shangazi akatutuma tukanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha tukanawe tena. Tuliporudi, dada alisimama mbele yake mikono ikidondoka maji.

"Kwa nini uliivaa?" mjane akauliza.

Ningekuwa mimi, ningesema uzuri wake ulinishinda. Dada yangu alisema kweli.

"Nilitaka kujua kama itanizuia kufanya kazi."

"Na ilikuzuia?"

"Apana, mama."

Mjane alimtazama kwa muda, kuanzia uso mpaka ndala zenye unyevu wa barafu.

"Bon," akasema. "Mwanangu alinieleza mengi juu ya macho yako. Hii hakunieleza." Akageuka kwa baba. "Ijumaa iko pale pale. Mukubali kwamba sitaki tena kusikia neno bati."

Siku zilizofuata niliusoma ulimwengu upya kwa simu yangu. Nilisoma nikiwa nimelala chini ya ile taa ndefu ya sebuleni ambayo mji mzima huiita neoni, na simu ikaniambia kwamba ndani yake kwa kawaida hamna neoni. Mna punje ya zebaki, iliyogeuka hewa, inayopigwa na umeme mpaka unga mweupe wa ukutani ung'ae. Kumbe hata zile ampuli, balbu zilizojisokota kama nyoka, tulizozipenda kwa kupunguza umeme. Kumbe hata televisheni ya zamani ya jirani, ile bapa, yenye mirija myembamba nyuma ya kioo. Tone letu lilikuwa na ndugu katika kila chumba cha Bujumbura, wametulia, hawana ubaya maadamu kioo kizima. Niliiwaza mitaa yote jioni, dirisha baada ya dirisha, na katika kila dirisha ukungu mwembamba wa fedha ukifanya kazi ili mtoto amalize hesabu zake. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya hilo, lakini nyumba ilikuwa na harusi.

Shangazi yeye hakusoma. Aliongoka. Alhamisi mchana, vijana waliokuwa wakifunga neoni kwenye nguzo za hema waliangusha moja wakipita sebuleni, ikapasuka kwa mlio wa kikohozi, na binti mmoja wa jirani akachukua ufagio.

"Weka ufagio chini!" shangazi akanguruma. "Unataka kuitawanya? Wote nje! Madirisha!" Alitusimamisha uani mpaka pilau ikaanza kushika chini, kisha akaingia mwenyewe na mifuko ya plastiki mikononi, vipande viwili vya katoni na utepe wa gundi. Alikusanya kioo na unga, akapapasa sakafu kwa utepe, akafungia yote ndani ya mtungi wa mayonezi. Mtungi ukasimama juu ya ukuta wa nyuma, na yeyote aliyeupita karibu aliitwa kwa jina la babu yake.

"Ma tante amekuwa dokta," kijana mmoja akasema.

"Dokta mwenyewe hana pete," mwenzake akajibu, na wakakimbia.

Maana pete haikuwa imerudi, wala bangili. Fundi alisema dhahabu iliyokunywa hairudishwi kwa haraka ya harusi. Ijumaa ikafika, wanaume wakajaa kwenye mikeka, na bangili ilikuwa ingali katika moto wa mtu mwingine. Baba aliingia chumbani kwa wanawake akiwa amekunja uso. Shehe angeuliza mahari. Tungesema nini? Mzee mmoja huko nje alikuwa tayari amesema afadhali kuahirisha kuliko kuoza juu ya mahari isiyoonekana.

Shangazi alikuwa akimpaka dada hina iliyochelewa. Hakuinua kichwa.

"Mahari ni ya nani?" akauliza.

"Ya mutoto," baba akasema.

"Basi aulizwe mutoto. Wale wazee wa nje wataivaa wao?"

Shehe alikuja mlangoni na mashahidi wake, akageuza uso pembeni kwa adabu. Alimuuliza dada yangu kama anamridhia kijana, naye akaridhia. Akamuuliza kama anamruhusu baba yake kumwoza, akaruhusu. Akakohoa kidogo, maana ya nje alikuwa ameyasikia.

"Na mahari yako, bangili ya dhahabu. Umeipokea mkononi?"

Dada yangu aliinua kichwa chini ya mtandio.

"Nimeipokea, shehe," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mikeka. "Tena nimeshafanya kazi nayo."

Wanawake walilipuka. Mama wa bwana harusi alijipiga paja, shangazi akaachia kigelegele kilichowatoa kuku chini ya meza, na hakuna aliyesikia chochote tena. Shehe wa watu, ambaye hakuambiwa kisa, alidhani kuna jambo hakulielewa. Alingoja tutulie, akaanza maswali upya kutoka mwanzo, na dada yangu akakubali yote kwa mara ya pili.